Simu Iliyokamatwa Kivinje

Nilipoanza kazi ya kufundisha TEHAMA katika chuo cha ualimu, kitu cha kwanza nilichoonyeshwa kilikuwa mlango. Mkufunzi aliyenipokea, mwanamume wa makamo aliyekuwa akisimamia mazoezi ya kufundisha pale chuoni kwa miaka mingi, alinipitisha varandani, akasimama mbele ya geti la chuma lenye kufuli, akasema kwa fahari, "Hiki ndicho chumba chetu cha kompyuta."

Nikasubiri afungue. Akacheka.

"Hakifunguliwi hovyo, dada. Ufunguo anakaa nao Mkuu."

Tukachungulia dirishani. Kompyuta zilikuwa zimepangwa juu ya meza ndefu, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maua pembeni, vile mama zetu wanavyofunika redio na makochi ya sebuleni. Zilipendeza. Vumbi lililokaa juu ya vile vitambaa lilikuwa limeshageuka rangi ya kahawia.

Chuo chenyewe sikitaji. Kiko huku kwetu kwenye mwambao wa Lindi, na waliokuwepo wanajikumbuka. Nataka kueleza nilichokifanya, maana kuna wanaokieleza kwa namna nyingine, kwamba niliwafundisha vijana ukaidi. Nilifundisha nilichoajiriwa kufundisha.

Mimi ni mtoto wa Mtanda, Lindi mjini. Wazazi wangu waliteremka kutoka uwanda wa Makonde kuja kufanya biashara ndogondogo, na nyumbani kwetu kifaa cha kisasa kuliko vyote kilikuwa pasi ya umeme. Kipanya cha kompyuta nilikishika kwa mara ya kwanza nikiwa chuo kikuu, Dar es Salaam. Nilikiinua hewani nikakielekeza kwenye kioo, kama mtu anayebadilisha chaneli za televisheni kwa rimoti. Wenzangu waliosoma shule za mjini walicheka mpaka mhadhiri akasimamisha kipindi. Sikulia. Nilikaa nikajiambia kwamba kama nitakuja kuwa mwalimu wa kitu hiki, hakuna mtoto wa kusini atakayepita mikononi mwangu halafu akachekwe namna hii.

Kwa hiyo unaweza kufikiri nilijisikiaje wiki yangu ya kwanza darasani, nilipomwomba mwanachuo mmoja anionyeshe anachokijua kuhusu kompyuta, naye akachukua chaki na kuichora ubaoni, kibodi herufi kwa herufi. Alichora vizuri, lazima niseme. Ndivyo walivyofundishwa. Hawa ni vijana wanaosomea ualimu, walimu tarajali, na walizijua sehemu za kompyuta kama wanavyozijua sehemu za ua: mzizi, shina, jani. Wangeulizwa kwenye karatasi, wangejibu kwenye karatasi, wangefaulu, kisha wangekwenda kuwafundisha watoto kitu ambacho vidole vyao havijawahi kukigusa.

Siku hiyo binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinyoosha mkono. Alikuwa Mmwera kutoka bara ya Lindi, wazazi wake wakulima wa korosho, na alikuwa na sauti nzito isiyo na haraka.

"Madamu, hicho kipanya, ukikibonyeza kinatoa mlio?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakuinama wala hakuona haya. Akageuka akawatazama wenzake.

"Mnacheka nini? Nani kati yenu amewahi kukibonyeza?"

Kicheko kikakatika.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa chuo.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

Nilimweleza kwamba nahitaji chumba kifunguliwe kwa vipindi vyangu. Alinisikiliza kwa upole, mikono ameikunja juu ya tumbo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa vitu na akaishi akiogopa siku ya kuulizwa viko wapi.

"Zile mashine hazijazinduliwa," aliniambia. "Tunamsubiri mgeni rasmi. Akishakata utepe, tutapanga utaratibu."

"Tunamsubiri tangu lini?"

"Tunamsubiri."

"Mkuu, zinaharibika zikiwa humo humo. Upepo wa bahari una chumvi. Mashine isiyowashwa pwani hii inaliwa na kutu kama bati."

"Zimefunikwa," akanijibu, na nilivyomwona usoni alikuwa anaamini kabisa kwamba amenijibu.

Nilirudi kwake tena na tena muhula ule. Mara moja aliniambia kwamba wanachuo wana mikono mizito. Mara nyingine aliniuliza kama nikiunguza moja nitailipa kutoka wapi. Mara ya mwisho hakuniambia nikae.

Basi nikaachana na mlango. Nilijiuliza ni kompyuta gani ambayo vijana hawa wanayo tayari, na jibu lilikuwa simu zao. Kwa taratibu za chuo, simu za wanachuo zilikaa kabatini kwa matroni wiki nzima na kurudishwa Jumamosi, wafue nguo na kuongea na nyumbani. Kwa hiyo Jumamosi ikawa siku yangu. Niliwaita bwaloni baada ya chai. Sikuomba ruhusa, na sikuona sababu ya kuomba ruhusa ya kufundisha somo lililoandikwa kwenye ratiba yangu.

Walikuja wachache, halafu wakaja wengi. Wasiokuwa na simu kubwa walikaa na wenye nazo. Niliwafundisha kurekodi sauti na kukata pale palipoharibika, kupiga picha ya kitu ili mtoto aliyeko nyuma aelewe ukubwa wake, kupanga alama za wanafunzi kwenye jedwali likajumlisha lenyewe, kurushiana masomo bila kutumia bando. Niliwapa habari za uongo zilizokuwa zikizunguka mitandaoni nikawaambia wanithibitishie ni za uongo. Hilo ndilo lililowachukua muda mrefu kuliko yote, na ndilo lililowafanya wagombane kweli kweli.

Na kila Jumamosi niliwauliza swali lile lile kabla hawajagusa kitu: mtoto atajua nini hapa ambacho kwa ubao na chaki asingekijua? Asiyekuwa na jibu nilimwambia arudishe simu mfukoni, achukue chaki. Watu wanaosema niliwafundisha vijana kuchezea simu hawakuwahi kufika bwaloni.

Yule binti wa dirishani hakukosa hata Jumamosi moja. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kama utando wa buibui, na alikuwa mbishi. Nikimweleza jambo, aliniuliza kwa nini. Nikimweleza kwa nini, aliuliza kama nimeshaliona likitokea. Nilimpenda kwa hilo, ingawa kuna siku alinichosha.

Ulipofika wakati wa mazoezi ya kufundisha, alipangiwa shule ya msingi Kilwa Kivinje pamoja na wenzake kadhaa, nao wakaondoka na simu zao. Nami nikapangiwa kwenda kuwatathmini, nikiwa na yule mkufunzi aliyenionyesha mlango. Tulifikia nyumba ya wageni iliyokuwa nyuma ya magofu ya enzi za Wajerumani, mahali ambapo harufu ya dagaa waliokaushwa inaingia na chai ya asubuhi.

Somo la kwanza la binti nililitathmini peke yangu. Lilikuwa bovu. Mada ilikuwa kupwa na kujaa kwa bahari. Alipata video kutoka kwa mtu, ya bahari ya nchi nyingine, yenye maelezo ya lugha ambayo watoto hawaielewi, akainyanyua simu mbele ya darasa lililojaa mpaka mlangoni. Watoto wa nyuma wakaja mbele. Wa mbele wakapanda madawati. Mmoja akasukumwa akaangukia ndoo ya maji. Kengele ilipolia hakuna aliyejifunza chochote isipokuwa kwamba simu ya mwalimu ina kioo kilichopasuka.

Tulikaa kwenye ngazi za darasa nikampa alama zake. Zilikuwa ndogo.

"Madamu, kwa hiyo nisitumie simu tena?"

"Nimekwambia hivyo?"

"Alama ndizo zinazosema hivyo."

"Alama zinasema umeonyesha watoto wa Kivinje bahari ya watu wengine, na ya kwao iko hapo nyuma ya choo cha shule."

Akaikunja ile karatasi ya alama. Halafu akasema kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kujikasirikia, "Mimi bahari nimeanza kuiona nilipokuja chuoni. Hawa watoto wanaijua kuliko mimi. Nitawafundisha nini?"

"Hilo ndilo swali lako. Nitarudi wiki ijayo."

Alichofanya wiki ile nilikuja kusimuliwa na mwalimu mkuu wa shule, mama mmoja mzaliwa wa Kivinje aliyekuwa akiongea taratibu na kuona kila kitu. Binti alimwendea akamwomba amweleze maji ya pale. Mwalimu mkuu akamweleza kujaa na kupwa, akamweleza bamvua, siku ambazo maji yanapanda sana na kukauka sana, na maji mafu, siku ambazo hayaendi mbali. Kisha binti akawachukua watoto wakaenda ufukweni, wakachomeka vijiti kwenye tope kuanzia mikokoni hadi kwenye ukuta wa zamani, kila kundi na kijiti chake kilichofungwa kitambaa cha rangi yake, kisha wakarudi shuleni kabla maji hayajapanda. Yeye akakaa juu ya ule ukuta tangu asubuhi hadi alasiri akipiga picha kutoka sehemu ile ile, bila kusogea, kanga ameifunika kichwani kwa ajili ya jua. Picha zile akazipanga zifuatane haraka, ikawa filamu fupi: bahari inapanda, inafunika vijiti kimoja kimoja, inasimama, inarudi.

Somo lile nililishuhudia. Darasa alilipanga kwa makundi. Ubaoni aliandika swali: siku ile maji yalifika kijiti kipi, na kwa nini? Kila kundi liliandika ubashiri wake kwanza. Simu ilikuwa kwenye dawati moja tu, pembeni, imeegemezwa kwenye boksi la chaki, na kundi lilifika pale likishamaliza kubishana na kuandika.

Na walibishana! Mtoto mmoja wa kike, mfupi, sauti kama filimbi, alisimama akasema, "Mwalimu, wamekosea! Siku ile ilikuwa bamvua. Maji yalifika mpaka ukutani."

"Muongo," akadakia mwingine. "Mwezi ulikuwa nusu. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu."

"Wewe uliuona wapi mwezi? Wewe unalala kabla ya isha!"

Darasa likacheka, na binti akawauliza, "Tutajuaje nani mkweli?" Watoto wakageuka wote kuitazama simu pale pembeni. Hakuna aliyepanda dawati. Kila mmoja alijua anachokwenda kukiangalia.

Hapo ndipo mwenzangu, yule mkufunzi niliyekuja naye, alipoingia. Alikuwa amemaliza kutathmini darasa la jirani. Alisimama mlangoni, akaliona kundi limeinamia kioo, akatembea kati ya madawati akaichukua simu ile mbele ya watoto.

"Hapa ni darasani au kibanda cha video?"

Binti akasema, "Mwalimu, ni zana yangu ya kufundishia. Iko kwenye andalio la somo."

"Simu si zana. Simu ni kosa, na taratibu za chuo unazijua." Akaitia mfukoni, akakaa nyuma, akakunja mguu juu ya mguu.

Mimi nilikuwa nimeshainuka, lakini binti alinitazama kwa jicho ambalo mpaka leo naliona, jicho la kuniambia nimwache. Akachukua chaki. Akachora ubaoni ule ukuta, akachora mikoko, akachora vijiti vyote kwa rangi zake. Aliwaita watoto mmoja mmoja waje waonyeshe wanadhani maji yalifika wapi kwa wanavyoijua bahari ya kwao, na akalimaliza somo lake mpaka mwisho, na kazi ya nyumbani akatoa.

Kwenye ofisi ya walimu mwenzangu alifungua fomu ya tathmini akaandika sifuri kwenye zana. Akanisogezea nisaini.

"Sisaini," nilimwambia.

"Dada, usianze."

"Nimekaa mle tangu mwanzo. Wewe umeingia katikati ukavunja somo la mtu. Kama kuna wa kupewa sifuri leo ni wewe."

Alinikodolea macho. Mwalimu mkuu, aliyekuwa anasahihisha madaftari pale pale, hakuinua kichwa. "Mwalimu," alimwambia taratibu, "yule binti aliniomba ruhusa, nikampa. Hii shule naiongoza mimi."

"Kwa heshima zote, mama, yule ni mwanachuo wetu. Ana taratibu za chuo."

"Basi mngezifuata taratibu zenu huko chuoni. Hapa mmewaacha watoto wangu hawajui maji yalifika wapi."

Mwenzangu hakubadilika. Nataka kumtendea haki: aliamini kweli kwamba simu ndizo zilizowaharibu vijana, na kwamba yeye alikuwa amebaki peke yake akizuia mafuriko. Lakini mtu anaweza kuamini jambo kwa moyo wake wote na bado akawa anawaumiza wengine, na sikuwa tayari kukaa kimya kwa sababu tu alikuwa na nia njema. Aliondoka na simu ile mfukoni hadi chuoni.

Tuliporudi, binti aliitwa kwenye kamati ya nidhamu na kuambiwa aje na mzazi. Kosa liliandikwa kuwa ni kukaidi taratibu na kutumia simu wakati wa kazi. Adhabu iliyokuwa ikisemwa varandani ilikuwa kusimamishwa masomo mwaka mzima.

Mama yake alikuja kutoka shambani, msimu wa kuokota korosho umepamba moto. Mwanamke mwembamba, vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda. Alikaa ukingoni mwa kiti ofisini kwa Mkuu kama mtu anayeogopa kukichafua. Kamati ilikuwa Mkuu mwenyewe, mwenzangu, matroni, na mkufunzi mzee wa Kiswahili aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Mimi sikuwa mjumbe. Niliingia nikavuta kiti nikakaa, na hakuna aliyenitoa.

Mkuu akamweleza mama kosa la mwanawe. Mama hakusubiri amalize.

"Nisameheni sana, waheshimiwa. Nimemlea mwenyewe, kama kakosa nimekosa mimi." Akamgeukia binti. "Mwanangu, omba radhi uendelee na masomo. Omba radhi tuondoke."

Kabla ya kuingia nilikuwa nimemwambia binti kwamba akiomba radhi sitamdharau. Mwaka mzima ni mwaka mzima. Alikuwa amesimama, mikono nyuma.

"Mama," alisema, "nakuomba radhi wewe kwa kukutoa shambani msimu huu. Kwa somo siombi radhi. Somo lilikuwa zuri."

Mama akafunika uso kwa mtandio.

"Nani alikufundisha kutumia simu darasani?" Mkuu akauliza.

Nikasimama.

"Mimi, Mkuu. Nilimfundisha yeye na wenzake wote, bwaloni, kila Jumamosi, na matroni hapa alikuwa akiwagawia simu akijua wanakokwenda. Mnaposema kosa, liandikeni kwa jina langu. Ila kabla hamjaandika nina ombi. Kama simu ni haramu, tuonyesheni kifaa kilicho halali. Twendeni tukakifungue kile chumba, mama huyu aone mwanawe alitakiwa ajifunzie nini."

"Hilo halipo kwenye ajenda," mwenzangu akasema.

Mkufunzi mzee wa Kiswahili akakohoa. "Mimi naondoka hapa nikiwa sijawahi kuingia mle ndani," alisema. "Fungua, Mkuu, tuone."

Matroni akaunga mkono. Mkuu aliwatazama, akaona hana pa kupita, akafungua saraka akatoa ufunguo.

Geti lilikuwa limeshika kutu, ikabidi wasukume wawili. Ndani hewa ilikuwa nzito kama ya stoo. Niliinua kitambaa cha kwanza. Kilikuwa kimekakamaa kwa unyevu, na chini yake mijusi ilikuwa imeweka makazi. Nikawasha. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilitoa harufu ya kuungua nikaizima haraka. Nilikwenda meza nzima hivyo, na kila nilipobonyeza, nilisikia Mkuu akishusha pumzi nyuma yangu. Karibu na mwisho moja ikanguruma, ikawaka. Kwenye kioo kikatokea kisanduku cha kuandikia neno la siri.

Nikageuka. "Neno la siri?"

Mkuu alimtazama mwenzangu. Mwenzangu alimtazama matroni. Fundi aliyezifunga aliondoka na neno lake la siri, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kulihitaji. Mkufunzi mzee alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho.

Mama wa binti alinisogelea. "Inasema nini, mwalimu?"

"Inauliza mwenyewe ni nani, mama."

Binti, bila kuambiwa, alivuta kiti, akafuta vumbi kwa kiganja, akakaa mbele ya ile mashine, akashika kipanya. Akakibonyeza. Kikatoa mlio mdogo, tik. Alibonyeza tena, kisha akaniangalia, na mimi ndiye niliyetazama pembeni, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka mwenzangu ayaone.

Yaliyofuata sikushinda yote. Binti alipewa onyo la maandishi kwa sababu ya simu, lakini hakusimamishwa, na somo lake likatathminiwa upya na mkufunzi mzee, ambaye alisafiri mpaka Kivinje kumwona akifundisha, akampa alama alizostahili. Chumba kilifunguliwa kwa saa maalumu. Mashine zilizokufa zilibaki zimekufa, chache zilizopona nilikaa nazo na wanachuo tukazisafisha kwa miswaki, na darasa likagawana zamu. Mgeni rasmi mpaka naondoka hakuwa amekuja.

Maana niliondolewa. Haukupita muda mrefu nikapewa uhamisho kwenda shule ya sekondari, nikarudi kuishi nyumbani Mtanda. Walisema ni mahitaji ya kazi. Ndugu zangu wengine walisema niliponzwa na mdomo, na mwenzangu yule tukikutana sokoni Lindi anageuka kuangalia nyanya. Sijawahi kuandika barua ya kulalamika wala ya kuomba radhi. Nilipata walimu wapya wa kuwafundisha: wale tarajali wanaoletwa shuleni kwetu kila mwaka kwa mazoezi. Wa kwanza kufika aliniuliza kwa woga kama simu yake aiache ofisini. Nikamwambia akae, anieleze kwanza somo lake linahusu nini.

Binti sasa ni mwalimu kamili, shule ya msingi huko huko bara, katikati ya mikorosho. Mwaka huu alinipigia simu akaniambia niende nikaone. Nilipofika, kishikwambi alichopewa na serikali kilikuwa kimezima. Sola ya shule ilikuwa imegoma wiki kadhaa na umeme wa gridi unaishia kijiji cha pili. Alikuwa anafundisha uyeyushaji kwa mshumaa, kijiko na kipande cha nta, watoto wamezunguka meza, na lilikuwa somo zuri. Nikamsifu.

Hakufurahi.

"Usinisifu hivyo, madamu. Watu wakija hapa wanasema, umeona, mwalimu mbunifu hahitaji umeme. Mimi nauhitaji. Hawa watoto wanauhitaji. Mtendaji wa kijiji ameshachoka kuniona mlangoni kwake."

"Na wewe hujachoka?"

Alikuwa anafuta ubao. Alisimamisha dasta, akanitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Kesho ni kikao cha kijiji," alisema. "Nimeomba kuongea wa kwanza. Kama una nafasi, lala hapa kwangu, twende wote."

Nikalala.